Maji ya Jibini

Muscat,
Jumatano, baada ya alasiri

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Assalamu alaykum. Kama barua hii imekukuta umesimama na kamba ya magunia ya nazi mkononi, weka chini kamba hiyo na utafute pa kukaa. Mimi mwili wangu ni mzima, chakula nakula na kazi naenda, namshukuru Mola. Roho ndiyo haijatulia, na leo ni siku ya nne. Nakuuliza hali yako, na zaidi hali ya mama, kama mkono wa kulia umeanza kushika hata kijiko, na kama maneno yamerudi angalau mawili matatu.

Najua utashangaa. Mtu ana simu nzuri, leo anakuandikia kwa kalamu kama baba alivyokuwa anatuandikia akiwa kwenye mashamba ya mkonge. Lakini wewe nakujua. Nikikupigia unaweka sauti kubwa, ukumbi mzima unasikia mpaka anayeuza maandazi nje. Nikikutumia ujumbe wa sauti, kabla ya magharibi umeshavuka kivuko umefika Bweni, ng'ambo ya mto. Hili ninalokuandikia nataka ulisome kwanza peke yako, kisha ulisome tena mbele ya watu, na watu hao nitakutajia. Anayekuletea ni Mama Rukia, tunayekaa naye nyumba moja hapa, anarudi kwao Bweni keshokutwa. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, shangazi asiione.

Nisikuzungushe. Zubeda hakukuapia uongo. Chumvi ile iliyokuwa kwenye mchuzi hakuitia yeye. Ilitoka kwenye jibini niliyotuma mimi, aliyeitia chunguni ni mama mwenyewe, na aliyemfanya mama aamini kuwa inafaa ni mimi. Uliniambia kwamba mwezi huu ukiisha utamwandikia mkeo talaka, kwa sababu mwanamke anayeshika Msahafu akaapa uongo hakai nyumbani kwako. Usiandike talaka hiyo, kaka. Sasa nikueleze tangu mwanzo, na nitajitahidi nisijipendelee.

Hujawahi kuniuliza huku nafanya kazi gani hasa. Nyumbani mnasema tu yuko dukani, na mimi nikaacha iwe hivyo kwa sababu duka linasikika vizuri. Mimi nauza jibini. Nasimama nyuma ya kaunta ya baridi saa tisa kwa siku, na glavu za plastiki mkononi, mbele yangu kuna mabeseni ya jibini na zaituni na achari. Miguu inavimba na vidole vinakufa ganzi. Mkubwa wangu ni Mmisri mmoja mtu mzima, tunamwita Bwana Fathi, mkali lakini ana utu. Wiki ya kwanza nilitapika mara mbili. Kuna jibini pale zinanuka kama papa aliyesahaulika stoo mvua nzima ya masika, na watu wanazinunua wanazibusu.

Bwana Fathi ndiye aliyenifundisha. Alinionjesha moja moja, asubuhi kabla ya wateja, na kipande cha mkate na tango. Aliniambia jibini usiichague kwa jina wala kwa picha ya ng'ombe, ichague kwa mtu atakayeila. Ile ngumu iliyokaa miezi mingi ina ladha nzito, kwa hiyo kidogo tu kinatosha, na wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo wengi wao wanaiweza. Ile laini mbichi, ya juzi na jana, ina chumvi kidogo, inafaa wazee na wenye presha, ila haikai, siku tatu nne imeshachacha. Na ile nyeupe inayoelea kwenye maji yake, hiyo ndiyo tamu kuliko zote kwa ulimi wangu. Mimi siku ya mapumziko naila na tikiti maji na mkate wa moto, kipande kimoja, basi najiona mtu. Lakini hiyo ina chumvi, kaka. Maji yake ni chumvi tupu, yamewekwa ili isioze, kama sisi tunavyotia chumvi samaki wa ng'onda. Kabla ya kuliwa inalowekwa kwenye maji baridi usiku kucha na maji yanabadilishwa. Hata hivyo kipande chake kisizidi kiberiti kwa siku, na kiliwe badala ya nyama, si juu ya nyama. Mwenye presha heri aiache.

Haya yote nayajua kwa moyo. Kuna bibi mmoja hapa, Kiswahili chake cha Unguja ya zamani, anakuja kila Jumapili na fimbo yake. Ana presha kama mama. Kila akija namwambia, bibi, hiyo kailoweke kwanza, yale maji ya mkebeni mwaga. Anacheka ananiambia nimeshakuwa daktari. Bibi huyo si ndugu yangu, wala jina lake kamili silijui, na sijamsahau hata Jumapili moja.

Mama alipoanguka uani mwaka jana, unakumbuka daktari alisema mifupa imekuwa myepesi na anahitaji maziwa. Mama na maziwa tangu zamani hawapatani, akinywa kikombe anajaa tumbo siku nzima. Mimi nikaona hapa ndipo pangu. Nikawaambia kwenye simu kwamba dawa ya mifupa iko mbele yangu kila siku, naikata kwa kisu, na mama atapata. Nilijivuna sana siku ile, sauti yangu mwenyewe naikumbuka.

Ukiniuliza kwa nini nilituma hiyo nyeupe ya mkebe, ningeweza kukuambia kwa sababu ile laini isingefika, ingeshachacha kabla basi la Mombasa halijafika mpakani Horohoro. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Ningeweza kutuma ile ngumu, ingefika salama. Ile ngumu ni kipande kidogo, kimefungwa karatasi, hakina mbwembwe. Mkebe ulikuwa mkubwa, unang'aa, una maandishi ya dhahabu. Nilitaka ukifunguliwa ukumbini watu waseme Mwanahamisi katuma. Nilichagua kwa macho ya shangazi, sikuchagua kwa presha ya mama. Bwana Fathi aliniuliza ni kwa ajili ya nani, nikamdanganya, nikasema ni ya harusi.

Mkebe ulipofika mlinipigia. Nilikuwa kazini, wateja wamepanga foleni, simu nimeibana kwa bega. Shangazi Mwanakombo akauliza hii inawekwaje, na friji la jirani limeharibika. Nikasema, iacheni humohumo ndani ya maji yake, na maji yake msiyamwage. Mteja akagonga kaunta, nikakata. Nilitaka kupiga tena jioni kueleza mengine. Jioni nikachoka, kesho yake nikasahau, na keshokutwa nikaona mmeshakula na mmefurahi, basi nikanyamaza. Mganga hajigangi, na mimi hata kujaribu sikujaribu.

Sasa fikiria yaliyowafikia wazee wetu. Mtoto yuko Uarabuni anafanya kazi hiyohiyo. Amesema ni dawa ya mifupa, tena amesema maji yake msiyamwage. Maji yenyewe ni meupe kama tui la mwisho. Na wewe unajua jinsi tulivyolelewa, maziwa hayamwagwi chini, hata yaliyoharibika bibi alikuwa anayapeleka kwenye shina la mnazi na bismillahi. Nani mwenye akili angemwaga?

Aliyekuwa na akili ya kumwaga ni mmoja tu, mkeo. Zubeda amekulia milimani Soni, kwao wanakamua ng'ombe, na mjomba wake anatengeneza jibini mbichi anauza Lushoto mjini. Alipoonja ile ya mkebe mara ya kwanza akasema hii ni chumvi mno kwa mama. Akakata vipande akavitia kwenye bakuli la maji, asubuhi akayamwaga yale maji. Shangazi akanipigia siku ileile kunishitakia kwamba mke wa Bakari anamwaga baraka niliyotuma. Tena alisema Zubeda anataka kumletea mama jibini ya kwao, isiyo na chumvi, iwe inakuja na gari kila wiki.

Kaka, ulikuwepo. Simu ilikuwa sauti ya juu kama kawaida yako. Nilicheka, halafu nikasema, "Mwambieni huyo wa milimani jibini hii haikutumwa kwao, asiiguse." Nilimsikia Zubeda yuko hapo karibu. Nilisikia tu sufuria linawekwa chini. Tangu siku hiyo hakuugusa ule mkebe, na hakuna tena aliyeloweka chochote. Sikuwa nampenda sana, nakiri. Ulipomwoa mimi niliona umetoka kwenye pwani nzima ya wanawake ukaenda kupanda mlima. Mwenzangu yule alikuwa ametenda la haki, na mimi nikamfunga mikono.

Siku ya Ijumaa ile mama alipoanguka kwa kiharusi, mimi sikuwepo, nayajua kwa kuambiwa. Mchuzi wa changu mezani ulikuwa hauliki kwa chumvi, wewe mwenyewe ulisukuma sahani. Shangazi akasema huyu ana mkono wa chumvi, wiki ya pili sasa. Zubeda akasema ametia chembe, tena mbele ya macho ya mama. Mama akanyamaza. Nusu saa baadaye mdomo wa mama ukaenda upande. Hospitalini daktari alipouliza kama mgonjwa anakula chumvi nyingi, nyote mkamtazama Zubeda. Aliapa wallahi. Mlipofika nyumbani akaomba Msahafu akaapa tena. Wewe ulikuwa umeonja ule mchuzi kwa ulimi wako, ukasema chumvi ungemsamehe, ila uongo juu ya Msahafu huwezi. Alimuuguza mama wiki mbili hivyohivyo, watu hawamsemeshi, kisha ukampakia gari la Lushoto na begi lake.

Na mimi nilikuunga mkono. Nilikwambia umefanya kiume, mgosi, mwanamume wewe. Maneno hayo nayakumbuka na yananichoma.

Jumamosi iliyopita shangazi alinipigia. Hakuwa na habari mbaya, alitaka mkebe mwingine. Akawa ananisifia mama, jinsi alivyoipenda ile jibini na alivyoshika maagizo yangu. Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema:

"Yale maji hatukuyamwaga hata tone, kama ulivyotuagiza. Mama yako alikuwa anakunywa kikombe cha kahawa kila asubuhi, anakunja uso, anasema dawa chungu ndiyo dawa. Na mengine alikuwa anayatia kwenye mchuzi Zubeda akitoka kuchota maji, maana angemwona angeyamwaga."

Nilimwuliza alikuwa anatia tangu lini. Akasema tangu Zubeda alipokatazwa kugusa mkebe, kama wiki mbili kabla ya kuanguka. Shangazi hakuelewa alichoniambia, na mpaka leo haelewi. Alikuwa anasimulia kwa furaha. Usimgombeze, kaka. Yeye alishika neno langu akalilinda. Angekuwa na nia mbaya asingenisimulia.

Nilikaa chini juu ya kreti la zaituni. Bwana Fathi alidhani nimepata habari ya msiba. Watu walipopungua nilichota maji ya jibini kwenye beseni, kikombe cha kahawa, kipimo kilekile, nikayanywa. Nilitaka kujua. Kaka, nilifika nusu nikashindwa. Koo liliwaka, macho yakatoka machozi, na kiu ile sikuizima mpaka isha. Mama alikuwa anamaliza kikombe kila asubuhi, mtu wa vidonge vya presha, kwa sababu binti yake kasema. Nilimweleza Bwana Fathi yote, na ule uongo wa harusi pia. Hakunipa pole. Alisema kwamba mtu mwenye presha yake ile angeweza kuanguka hata bila ya maji yale, lakini mimi nisitafute kujificha humo. Na mimi sijifichi. Sisemi ni jibini peke yake, daktari ndiye anajua. Nasema Zubeda hakutia chumvi na hakusema uongo, na hilo nalijua kwa yakini.

Ili nisiwe nimebeba maneno ya shangazi tu, Jumapili nilimpigia Bi Asha, jirani yetu wa ukuta mmoja, saa ambayo wewe uko kwenye nazi na shangazi yuko sokoni. Nikamwomba akae na mama na anishikie simu ya picha. Nilimwona mama. Sikuwa nimemwona tangu alipotoka hospitali, wewe ulikuwa unaniambia anaendelea vizuri. Amekwisha, kaka. Nywele zimekuwa nyeupe zote na shavu moja limeanguka.

Nikamwamkia. Kisha nikamwuliza, "Mama, maji ya jibini, ni wewe uliyekuwa unayatia kwenye mchuzi?"

Alifumba macho. Machozi yakamtoka kwa jicho lile zima. Akainua mkono wa kushoto akajigonga kifuani, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka Bi Asha akaushika. Bi Asha akaniambia kwamba hivyo ndivyo anavyofanya kila shangazi akimletea chakula, anajigonga kisha anageuza uso ukutani. Mlikuwa mnadhani ni maradhi. Mimi naona mama anajua alichotenda, anajua nani ameadhibiwa kwa ajili yake, na hana ulimi wa kusema. Amekaa na jambo hilo wiki tano, katikati yenu, mnamlazimisha uji.

Kwa nini hakusema Ijumaa ile mezani, kabla ya kuanguka? Nimejiuliza hilo usiku na mchana. Nadhani aliogopa kuniaibisha mimi. Mbele ya watu wote angesema maji ya Mwanahamisi ndiyo yameharibu chakula? Akanyamaza kidogo, akidhani atakuja kumwambia Zubeda pembeni, wanawake wawili jikoni, wacheke yaishe. Nusu saa hakuwa nayo.

Baada ya hapo nilimpigia Zubeda. Nilidhani hatapokea, akapokea kwa mlio wa kwanza. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikalia, nikamwomba radhi ya yale maneno ya mlimani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake uliniogopesha kuliko angenitukana. Akasema:

"Wifi, mimi unaniambia nini? Mimi najua sikutia. Nilisema mbele yenu nyote, mkaniletea Msahafu, nikasema tena. Kawaambie wao."

Ndiyo maana nakuandikia. Nawaambia ninyi.

Sasa nakuomba, na mimi ni mdogo wako, lakini leo niache nikuagize. Nenda Soni mwenyewe. Usimtume shangazi, usimtume shehe, usipige simu. Nenda na barua hii. Omba ukae mbele ya baba yake na wajomba zake, na uisome kwa sauti, yote, na hapo nilipojivuna na hapo nilipotukana. Walimpokea binti yao amerudishwa kwa kosa la kuapa uongo, na huko milimani neno hilo lina uzito kuliko talaka yenyewe. Wadogo zake hawajaolewa. Kama ni aibu, iwe yangu mimi na jina langu limeandikwa hapo chini. Wakikutukana, nyamaza, wana haki. Zubeda akikataa kurudi, hiyo pia ni haki yake, na usimshike mkono. Lakini arudishiwe jina lake hapo hapo ukumbini kwao, kabla hujaomba kitu kingine chochote.

Ule mkebe kama umebaki na kitu ndani, ufukie. Usiwape hata kuku. Mama asile tena jibini ya chumvi ya aina yoyote. Ukimwuliza daktari akikubali, na kama watu wa Soni watakuwa bado wanataka kutazamana na sisi, ile jibini mbichi ya mjomba wake Zubeda ndiyo iliyokuwa inamfaa mama tangu siku ya kwanza. Kijiko kimoja, imepondwa na viazi au na ndizi laini ili aimeze vizuri, hata chumvi isitiwe. Ladha yake mtu anaizoea. Ilikuwa karibu, saa chache tu kwa gari, na mimi nikatuma yangu kutoka ng'ambo ya bahari.

Nisalimie shangazi Mwanakombo, na umweleze taratibu, yeye pia moyo wake si mzima sana. Nisalimie Bi Asha na umshukuru, usimwulize kwa nini hakukuambia kuhusu simu, nilimwapisha. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyemsomea mama dua, na mama Fatuma wa maandazi, ambaye naamini atayajua haya yote kabla hujamaliza ukurasa wa pili. Mama mshike mkono wa kushoto, umwambie Mwanahamisi amesema. Umwambie Bakari amejua, na kwamba sasa hana haja ya kujigonga. Mwambie hivyo hata kabla hujaondoka kwenda Soni. Mimi nimeomba ruhusa kazini, Bwana Fathi amesema nisubiri mwezi mmoja apate mtu wa kushika kaunta. Nitakuja. Sijui nitaingia vipi mlango ule, lakini nitakuja.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nikaifungua tena. Kuna jambo moja katika simu ya Zubeda sikuliandika pale juu kwa sababu mkono ulikataa. Aliposema kawaambie wao, nilidhani amekata. Kumbe alikuwa bado yuko. Akaniuliza swali moja tu. Hakuuliza habari zako wala za talaka, wala kama nitakuambia. Alisema yeye alikuwa anamgeuza mama kila baada ya saa mbili, kama walivyomfundisha wauguzi, kushoto, chali, kulia, na kumpaka mafuta ya nazi mgongoni, na kwamba mama ni mzito, mtu mmoja ambaye hajazoea hawezi. Tangu alipoondoka amekuwa akiwaza jambo hilo.

"Wifi," akasema, "sasa nani anamgeuza mama?"

Nakuuliza wewe, kaka. Nani anamgeuza mama?

Mdogo wako mwenye kosa,
Mwanahamisi